Behewa la Tani 129: Jinsi Kazi ya Ferdinand Magellan Ilivyobadilika

Mlango wa nyuma wa behewa liitwalo Ferdinand Magellan una uzito wa takriban kilo 680. Ni karibu magunia saba ya mahindi yanayoning'inia kwenye bawaba, na bado mlango huo ulitakiwa kufunguka kila kituo ili Rais wa Marekani atoke kusalimiana na watu waliojaa kandokando ya reli. Behewa lilipotoka kiwandani mwishoni mwa miaka ya 1920 mlango kama huo haukuwepo, wala hapakuwa na aliyeufikiria. Lilikuwa behewa la kukodiwa na matajiri. Baadaye likawa ofisi na makazi ya marais watatu wakiwa safarini, kisha mali ya serikali isiyo na mtumiaji, kisha kitu cha makumbusho huko Miami, Florida, na kwa siku moja ya mwaka 1984 likarudi relini kufanya kazi yake ya zamani.

Historia hii husimuliwa mara nyingi kama historia ya marais. Makala hii inalifuatilia behewa lenyewe, kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali ambalo watu wengi wanaopenda reli hujiuliza wanapoona mabehewa ya zamani yamepangwa uani mwa karakana: kwa nini behewa moja huishi miaka mia na jingine, lililotoka kiwanda kilekile mwaka uleule, hukatwakatwa likauzwa kama chuma chakavu? Jibu la haraka ni kwamba lililokatwa lilichakaa. Jibu hilo mara nyingi si sahihi. Mabehewa ya abiria ya chuma yaliyoundwa Marekani katika miaka ile yalikuwa imara kupita kiasi, na mengi yalitupwa yakiwa bado mazima. Kilichokwisha ni kazi yao. Behewa huanza kuzeeka siku ambayo vitu vilivyo nje yake, kama vile kichwa cha treni kinacholivuta, sheria za njia na abiria wenyewe, vinapobadilika lenyewe likabaki kama lilivyokuwa.

Ili hoja hii ieleweke, inafaa kulitazama behewa kama vitu vitatu vilivyounganishwa, ambavyo havizeeki kwa kasi moja. Cha kwanza ni bodi na chasisi yake. Mabehewa ya kizazi cha Ferdinand Magellan yaliundwa kwa mabamba ya chuma yaliyoshikizwa kwa ribiti, na sakafuni mafundi walimwaga zege ili behewa litulie na kelele za magurudumu zisimfikie abiria aliyelala. Bodi ya namna hiyo ikilindwa dhidi ya kutu hudumu kwa vizazi. Cha pili ni vitoroli, yaani fremu zilizo chini ya kila ncha ya behewa zinazobeba ekseli, magurudumu, springi na breki. Mabehewa mazito ya Pullman, kampuni iliyoliunda behewa hili, yalikuwa na ekseli tatu kwenye kila kitoroli, hivyo behewa zima lilikuwa na magurudumu 12. Sehemu hizi huliwa na safari zenyewe, lakini ziliundwa zifunguliwe na kubadilishwa, kama vile fundi anavyobadilisha viatu vya breki vya lori bila kuligusa bodi. Cha tatu ni mifumo ya ndani: joto, baridi, mwanga, maji na vyoo. Hii ndiyo inayozeeka upesi kuliko yote, tena huzeeka hata behewa likiwa limesimama, kwa maana haitegemei hali yake yenyewe tu, inategemea pia kupatana na treni nzima.

Sasa turudi mwanzo. Kampuni ya Pullman, iliyoanzishwa na George Pullman mwaka 1867, haikuwa kampuni ya reli kwa maana ya kawaida. Haikuwa na njia zake za safari za mbali. Iliunda mabehewa ya kulala, ikayamiliki, ikayaajiria wahudumu, kisha ikayaambatisha kwenye treni za kampuni mbalimbali za reli nchini kote. Abiria alilipa nauli kwa kampuni ya reli na ada ya kitanda kwa Pullman. Katika miaka ya 1920 kampuni hiyo ilikuwa na mabehewa karibu 10,000, na kila usiku watu wapatao 100,000 walilala ndani yake. Mtu akiiita hoteli kubwa kuliko zote duniani, ila yenye vyumba vinavyotembea, hatakuwa ametia chumvi.

Waliotandika vitanda, waliong'arisha viatu na kuamka usiku kengele inapolia walikuwa kwa sehemu kubwa wanaume Weusi wa Marekani, na hao ndio walioyajua mabehewa haya kuliko mtu mwingine yeyote. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wafanyakazi chini ya A. Philip Randolph, na baada ya miaka 12 ya kukataliwa, mwaka 1937, Pullman ikatia saini mkataba nao. Nalitaja jambo hili kwa sababu ukisoma maelezo mengi ya mabehewa ya kifahari utakutana na mbao za mwaloni na meza za mahogani, lakini hutakutana na mtu aliyezifuta vumbi. Mbao hizo zimefika hadi leo kwa sababu kuna mikono iliyozitunza.

Mbali na mabehewa ya kawaida, Pullman ilikuwa na machache ya kukodiwa zima kwa pamoja. Tajiri, kundi la wafanyabiashara au wasanii wa tamthilia walilichukua kwa siku kadhaa, likiwa na mpishi na mhudumu wake, na kampuni ya reli ikalivuta mkiani mwa treni ya kawaida. Ferdinand Magellan lilikuwa mojawapo ya sita ya aina hiyo, yote yakiwa na majina ya wapelelezi wa nchi za mbali. Mengine matano yaliitwa Marco Polo, Robert Peary, Roald Amundsen, David Livingstone na Henry Stanley. Msomaji wa huku kwetu hawezi kuyapita majina mawili ya mwisho bila kusimama. Livingstone na Stanley waliokutana Ujiji mwaka 1871 walipita kwa miguu, wakiongozwa na kubebewa mizigo na wapagazi kutoka pwani. Nusu karne baadaye majina yao yaliandikwa ubavuni mwa mabehewa ya wenye fedha kati ya New York na California. Hata Magellan mwenyewe si mgeni kabisa kwetu. Kabla ya safari yake ya kuizunguka dunia alijiunga na msafara wa Wareno wa mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida, msafara ule ule ulioitwaa Kilwa na kuiteketeza Mombasa. Kwa waliochagua jina hilo kule Chicago lilikuwa ishara ya safari ndefu tu. Kwa mtu wa pwani lina uzito mwingine.

Biashara ya mabehewa ya kukodi ilipata pigo upesi. Mdororo mkubwa wa uchumi ulianza mwaka 1929, na katika miaka ya 1930 waliomudu kukodi behewa zima walipungua. Wakati huohuo kizazi kipya cha mabehewa mepesi kilianza kuingia. Treni ya Zephyr ya mwaka 1934, iliyoundwa kwa chuma kisichoshika kutu, iliwaonyesha Wamarekani kwamba treni inaweza kuwa nyepesi, ya kasi na ya kung'aa. Mabehewa mazito ya kijani kibichi, yenye paa la ngazi mbili na safu za ribiti, yakaanza kuonekana ya kizamani yakiwa hayajatimiza hata miaka kumi. Bodi zao hazikuwa na kasoro. Macho ya abiria ndiyo yaliyobadilika.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyolipatia Ferdinand Magellan maisha ya pili. Kabla ya hapo marais wa Marekani walisafiri kwa mabehewa waliyoazimwa au kukodishiwa. Behewa lililoundwa mahususi kwa ajili ya Abraham Lincoln lilikuwa na bahati mbaya: hakulitumia akiwa hai, likabeba jeneza lake mwaka 1865, kisha likauzwa kwa Union Pacific, likavuliwa mapambo na kutumiwa kwa kazi za njia, likageuzwa kitu cha maonyesho, na hatimaye likateketea kwa moto wa nyasi karibu na Minneapolis mwaka 1911. Lilikuwa la mbao. Tangu hapo hapakuwa na behewa la kudumu la rais hadi mwaka 1942, pale Michael Reilly wa kikosi cha ulinzi wa rais na Steve Early, katibu wa habari wa Ikulu, walipoona kwamba Franklin Roosevelt hawezi kuendelea kuzunguka nchi wakati wa vita ndani ya behewa ambalo risasi ya bunduki ya kawaida ingelipenya.

Ferdinand Magellan likapelekwa karakana za Pullman huko Chicago. Mafundi waliondoa chumba kimoja cha kulala kati ya vitano ili kupanua chumba cha mikutano na chakula na sebule ya nyuma. Kuta, sakafu, paa na ncha zote mbili zilivikwa mabamba ya chuma kilichochanganywa na nikeli, yenye unene wa karibu milimita 16. Vioo vya madirisha vilibadilishwa vikawekwa vyenye unene wa zaidi ya sentimita 7, vilivyotengenezwa kwa tabaka 12 zilizogandamizwa pamoja, na madirisha yakafungwa moja kwa moja yasifunguke tena. Kwa kuwa mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku la namna hiyo angeweza kunaswa ajali ikitokea, milango miwili ya dharura kama ile ya nyambizi iliwekwa, mmoja darini sebuleni na mwingine ubavuni karibu na bafu ya rais. Mwezi Desemba 1942 serikali ililipokea rasmi, ikalilipia dola 1.

Nje walifanya jambo la werevu. Jina Ferdinand Magellan lilifutwa ubavuni, likabaki neno Pullman peke yake, kama ilivyoandikwa kwenye maelfu ya mabehewa mengine, ili linapopita stesheni za usiku mtu asilitambue kwa urahisi.

Uzito ndio uliobadilika zaidi, na hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu uzito huu ndio ulioamua mengi yaliyofuata. Kabla ya kuvikwa silaha behewa lilikuwa na takriban tani 72.6. Baada ya hapo lilifika tani 129, likawa behewa la abiria zito kuliko yote nchini Marekani. Ukigawanya uzito huo kwa ekseli sita, kila ekseli iliyokuwa ikibeba tani 12 hivi sasa ilibeba zaidi ya tani 21. Reli kuu za Marekani ziliweza kustahimili mzigo huo bila shida, maana vichwa vya treni vya mvuke vilivyopita juu yake vilikuwa na ekseli nzito kuliko hizo. Ugumu ulikuwa kwenye behewa lenyewe. Springi zilizopimwa kwa tani 72 hulala chini ya tani 129. Breki zinazotosha kulisimamisha behewa jepesi huchemka zinapolisimamisha zito. Na kila mtikisiko unaopita kwenye beringi huja na nguvu karibu mara mbili. Vilevile mwendo wake ulibadilika. Behewa zito kiasi hicho hutulia sana kwenye njia iliyonyooka, ndiyo maana waliosafiri nalo walilisifu, lakini kulianzisha na kulisimamisha kulimtaka dereva awe na mkono wa taratibu.

Roosevelt alilitumia kwa safari za jumla ya kilomita zipatazo 80,000. Alikuwa amepooza miguu tangu alipougua polio mwaka 1921, na kwa ajili yake lifti za kiti cha magurudumu ziliwekwa kwenye baraza la nyuma. Hakupenda mwendo wa kasi. Alipendelea treni iende kama kilomita 55 kwa saa, kwa sababu miguu yake haikuweza kumsaidia kujikaza kitini inapoyumba. Katika behewa hilo rais alikuwa na chumba cha kulala kilichoitwa C, mkewe chumba B, na katikati ya behewa palikuwa na meza ya mahogani ya watu wanane ambayo asubuhi ilikuwa ya chai na mchana ikawa ya mambo ya vita. Baridi ilitoka kwa feni zilizopuliza hewa juu ya barafu, kwa hiyo safari ndefu ya kiangazi ilihitaji kupangiwa vituo vya kupakia barafu, kama vile kichwa cha treni kilivyopangiwa vituo vya maji.

Roosevelt alifariki Warm Springs, Georgia, tarehe 12 Aprili 1945, na Ferdinand Magellan lilikuwa katika treni ya msiba. Aliyemfuata, Harry Truman, hakuhitaji lifti. Alihitaji vipaza sauti. Hapa kuna mfano mzuri wa jinsi kazi inavyobadilika bila bodi kuguswa sana: behewa lililogeuzwa ngome ili kumficha rais likawa jukwaa la kumwonyesha. Katika kampeni ya mwaka 1948 Truman alizunguka nchi akihutubia kutoka baraza la nyuma, hotuba zaidi ya 300, nyingi zikiwa za dakika chache tu kwenye miji midogo. Mwendo alioupenda ulikuwa kama kilomita 130 kwa saa. Na picha ambayo wengi wameiona bila kujua imepigwa wapi, ile ya Truman akicheka huku ameinua gazeti la Chicago Daily Tribune lililotangaza kimakosa kwamba mpinzani wake Dewey amemshinda, ilipigwa katika stesheni ya St. Louis mwezi Novemba 1948 akiwa amesimama kwenye baraza hilohilo. Miaka miwili kabla ya hapo, Machi 1946, alisafiri nalo pamoja na Winston Churchill kwenda Missouri, ambako Churchill alitoa hotuba ya Fulton iliyoeneza maneno "pazia la chuma".

Kama behewa lingekuwa linakufa kwa kuchakaa, Ferdinand Magellan lingeendelea hadi miaka ya 1970 au zaidi. Lakini Dwight Eisenhower aliingia Ikulu mwaka 1953, wakati ambapo ndege ilikuwa imeshaifupisha nchi. Safari ya siku tatu kwa treni ilikuwa kazi ya saa kadhaa angani, na rais aliyekuwa jenerali hakuona sababu ya kukaa relini. Matumizi ya mwisho ya kiserikali katika enzi ile yalikuwa Januari 1954, mkewe Mamie alipokwenda Groton, Connecticut, kuizindua nyambizi ya Nautilus, ya kwanza kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Behewa likaegeshwa. Mwaka 1958 likatangazwa kuwa mali isiyohitajika.

Hapo ndipo tani 129 zilipokuja kulidai. Mabehewa mengine ya kizazi chake, mepesi kidogo na ya kawaida, yalikuwa na njia za kujinusuru. Pullman yenyewe ilikuwa imeshapoteza umbo lake la zamani: mahakama iliamua mwaka 1944 kwamba haiwezi kuunda mabehewa na wakati huohuo kuyaendesha, na mwaka 1947 upande wa uendeshaji ukauzwa kwa muungano wa kampuni za reli. Kampuni hizo zilirithi mabehewa mengi mazito na kuyagawia kazi nyingine. Baadhi yalipakwa rangi ya fedha yapate kufanana na mapya. Mengi yalikuwa makazi ya magenge ya mafundi wa njia, yakiwa na vitanda vya mbao pale palipokuwa na magodoro ya manyoya. Mengine yakawa migahawa kandokando ya barabara, ofisi za wakaguzi, hata maghala. Kila badiliko liliondoa kitu, lakini pia liliahirisha siku ya kukatwa. Ferdinand Magellan halikuwa na nafasi hiyo. Hakuna kampuni iliyotaka kuvuta zaidi ya tani 56 za silaha ili wafanyakazi kumi wapate mahali pa kulala.

Kwa hiyo lililolifanya lisifae kwa kazi nyingine ndilo lililolihifadhi. Kwa vile halikugeuzwa, vyumba vyake vilibaki kama marais walivyoviacha. Taasisi ya Smithsonian, inayoendesha makumbusho ya taifa huko Washington, ilipewa nafasi ya kulichukua, ikalikataa, na mwaka 1959 lilikwenda Florida kwa kundi la wapenda reli waliokuwa na uhusiano na Chuo Kikuu cha Miami, ambao makumbusho yao ndiyo Gold Coast Railroad Museum ya leo.

Watu wengi hudhani kwamba behewa likishahifadhiwa vizuri linaweza kuunganishwa kwenye treni wakati wowote. Hapa ndipo penye tatizo linalohitaji kufafanuliwa, nalo linahusu kitu cha tatu nilichokitaja mwanzoni. Mabehewa ya zamani yalipashwa joto kwa mvuke uliotoka kwenye kichwa cha treni kupitia bomba lililopita chini ya treni nzima. Taa zake ziliwashwa na betri zilizochajiwa na jenereta iliyozungushwa na ekseli, ndiyo maana treni iliposimama muda mrefu taa zilififia. Vyoo vyake vilimwaga moja kwa moja juu ya mataruma, na msafiri wa treni zetu za zamani anaikumbuka vema amri ya kutotumia choo treni ikiwa stesheni. Beringi zake nyingi zilikuwa za kusuguana, zilizolainishwa kwa pamba iliyoloweshwa mafuta ndani ya kisanduku mwishoni mwa ekseli. Pamba ikikauka, kisanduku kilipata moto, na usiku mhudumu wa njia aliweza kuona cheche zinazopita.

Pullman iliacha kuendesha mabehewa ya kulala mwishoni mwa mwaka 1968, na Amtrak, shirika la kitaifa la treni za abiria, lilianza kazi tarehe 1 Mei 1971 likiwa na mabehewa yaliyorithiwa kutoka kampuni nyingi, yakiwa hayafanani. Amtrak ilitaka mfumo mmoja. Badala ya mvuke, umeme wa volti 480 kutoka kichwa cha treni ungepita kila behewa na kufanya yote: joto, baridi, taa na majiko. Behewa lisilo na nyaya hizo lilikuwa giza na baridi hata kama bodi yake haikuwa na doa. Pamoja na hilo zilikuja sharti za beringi za mviringo zisizotumia pamba, breki za kisasa, matangi ya kutunzia maji machafu, na ukaguzi wa kuvifungua vitoroli na kuvipima nyufa. Hivyo mwenye behewa la miaka ya 1920 anayetaka liruhusiwe kwenye njia kuu hulazimika kubadilisha karibu kila kitu kilicho chini ya sakafu.

Wapo waliofanya hivyo. Behewa la Georgia 300 liliundwa na Pullman mwaka 1930 likiitwa General Polk, likawa sebule ya nyuma kwenye treni ya Crescent Limited kati ya New York na New Orleans. Baadaye lilichukuliwa na reli ya Georgia kuwa behewa la wakubwa wa kampuni, ndipo likapata namba yake, kisha likanunuliwa na mtu binafsi aliyelitengeneza likidhi masharti ya Amtrak. Bill Clinton alilitumia katika kampeni ya mwaka 1996, na tarehe 17 Januari 2009 Barack Obama alisafiri nalo kutoka Philadelphia kwenda Washington kuapishwa. Kwa hiyo kazi ambayo Ferdinand Magellan ilikuwa nayo haikufa. Ilihamia kwa ndugu yake wa umri uleule aliyekubali kubadilishwa matumbo.

Hata hivyo Ferdinand Magellan lilirudi mara moja. Tarehe 12 Oktoba 1984 Ronald Reagan alilitumia kwa safari ya kampeni huko Ohio, kuanzia Dayton hadi Perrysburg, akisimama miji kadhaa kwenye njia ambayo Truman aliipita mwaka 1948. Sababu haikuwa usafiri. Ikulu ilikuwa na ndege. Walihitaji baraza lile la nyuma, na kumbukumbu ya Truman iliyokuwa imeshika humo. Hiyo nayo ni kazi ya aina yake: behewa linafanya kazi ya kukumbusha kwamba liliwahi kufanya kazi. Mwaka uliofuata, 1985, lilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Tangu hapo kazi yake ni kutembelewa, na wasifikiri wengine kwamba kazi hiyo ni nyepesi kwa behewa. Behewa linalotembea hupata mafundi kila linapofika karakana; lililosimama hupata kutu pale ambapo hakuna anayeinama kutazama. Florida ina unyevu na hewa ya chumvi, na Agosti 1992 kimbunga Andrew kiliyaharibu vibaya majengo ya makumbusho. Magurudumu yaliyokaa mahali pamoja kwa miaka huubeba mzigo wote kwenye sehemu ileile ya beringi. Mabamba ya silaha yamefunika bodi ya zamani kiasi kwamba kutu ikianza kati ya tabaka mbili haionekani hadi iwe imekwenda mbali.

Kisha kuna swali gumu kuliko la kutu: libaki kama lilivyokuwa lini? Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi kuna behewa namba 12 la reli ya Uganda, ambalo Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli hiyo, aliuawa na simba ndani yake huko Kima mwezi Juni 1900 akiwa anamvizia. Behewa hilo linahifadhiwa kwa ajili ya usiku ule mmoja, na mtunzaji anajua mwaka wa kulenga. Ferdinand Magellan halina usiku mmoja. Lifti ni za Roosevelt, vipaza sauti ni vya Truman, mpangilio wa vyumba ni wa 1942, na chini ya vyote mna behewa la kukodi la miaka ya 1920. Kurudisha chochote cha mwanzo kunadai kung'oa cha baadaye ambacho sasa nacho ni historia. Binafsi naona waliolitunza wamefanya haki kuliacha na tabaka zake.

Jambo moja tu halina hiari. Madirisha yaliyofungwa Chicago mwaka 1942 hayajafunguka tangu wakati huo. Barafu haipakiwi tena chini ya sakafu, na jua la Miami likiwaka juu ya paa la chuma, hewa ya ndani haina pa kutokea ila kupitia mlango ule wa kilo 680. Unyevu huo ukiachwa, mbao za mwaloni hujikunja na kitambaa huota ukungu. Kwa hiyo anayelitunza anaanza na kazi ileile iliyowasumbua wahudumu wa Roosevelt kila kiangazi, yaani kutafuta namna ya kulipoza behewa ambalo haliwezi kupumua.